Magaidi Nao Hutoza Ushuru

Kila mara bomu linapolipuka, husikika sauti zikidai askari zaidi na silaha zaidi. Madai hayo si ya kubezwa. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoikumbuka Agosti 7, 1998, siku uliposhambuliwa Ubalozi wa Marekani, watu 11 wakapoteza maisha hapa na zaidi ya 200 Nairobi, wanayo haki ya kudai ulinzi. Lakini bunduki hununuliwa na mpiganaji hulishwa. Hapana budi tuulize: mfuko wa kumlisha hujazwa na nani?

Tuitazame Somalia. Kundi la Al-Shabaab limeishi miaka mingi kwa kutoza. Hutoza malori kwenye vizuizi vya barabarani, hutoza wakulima na wenye mifugo, na dereva hupewa stakabadhi ili asitozwe tena mbele ya safari. (Ziko halmashauri halali ambazo zingeuonea wivu utaratibu huo!) Katika mapato hayo, mkaa ulikuwa na nafasi ya pekee. Migunga ya kusini ilikatwa, magunia yakapakiwa Kismayu na bandari nyingine, na vyombo vikaelekea Ghuba, ambako mkaa huo hupendwa kwa shisha na kwa kuchomea nyama.

Mnamo Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2036 kupiga marufuku biashara hiyo. Mwaka huo huo Kismayu ikatwaliwa na majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali. Mwaka 2014 vyombo vya baharini vikaruhusiwa kupekuliwa. Je, biashara ilikufa? La hasha. Taarifa ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilieleza kwamba Al-Shabaab walikuwa wakijipatia kutokana na mkaa angalau dola milioni 7.5 kwa mwaka, na kwamba magunia yalisafiri kwa vyeti vya uongo, vikidai kuwa mkaa umetoka Komoro na kwingineko.

Wako watakaosema kwamba shambulio halihitaji fedha nyingi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Tume iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani ilikadiria kuwa yaligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000, kiasi ambacho kwa tajiri ni bei ya nyumba. Lakini kulipua jengo ni jambo moja. Kuweka maelfu ya wapiganaji porini mwaka baada ya mwaka, kuwalipa mishahara na kuwatunza wajane wao, ni jambo jingine kabisa. Jeshi la namna hiyo haliishi kwa sadaka za siri. Linahitaji soko, na soko lina wanunuzi wenye majina na anwani.

Hapo ndipo wakubwa wa dunia walipoanzia upande usiofaa. Novemba 2001 Marekani ilizifunga ofisi za Al-Barakaat, shirika la hawala lililowapelekea Wasomali fedha za ndugu zao walioko ughaibuni. Mama aliyetegemea mwanawe aliyeko ng'ambo kwa unga na karo alikatiwa riziki kwa siku moja. Wachunguzi wa tume ile ile hawakupata ushahidi kwamba shirika hilo liliwafadhili magaidi. Msomaji aliyewahi kutuma hawala ya posta kwa wazazi wake kijijini ataelewa uzito wa dhuluma hiyo. Wakati huo huo, mnunuzi wa shehena nzima ya mkaa alilala salama.

Cheti cha uongo hakijiandiki. Kila gunia lililoingia Ghuba kwa jina la nchi nyingine lilipita mbele ya mtumishi wa umma mwenye kalamu na muhuri, ambaye alijua, au aliamua kutojua. Meza za namna hiyo zipo pia Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Mtumishi anayeketi hapo afundishwe kuzitambua hati za bandia, alindwe na wakubwa wake anapokataa kugonga muhuri, na akiuuza muhuri huo ashitakiwe kwa kufadhili ugaidi, si kwa kosa la rushwa peke yake.