Ipokeeni Sahani ya Jirani

Ndugu zangu Waislamu, Desemba ikiingia huja na swali lake. Katika nyumba zetu za kupanga, iwe Magomeni au Ngamiani, vyumba vinatazamana kwenye ukumbi mmoja, na uani bomba ni hilo hilo. Asubuhi ya Krismasi, tarehe 25, jirani Mkristo wa chumba cha mbele anamtuma mwanawe na sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, kachumbari pembeni na kipande cha keki. Mtoto anapiga hodi. Ndani watu wanatazamana: tupokee, tusipokee?

Ninawaomba muipokee. Ipokeeni kwa mikono miwili na mtoto arudi na salamu kwa mama yake. Wako wanaopokea kwa tabasamu, kisha chakula kizima kikaishia jalalani. Hilo linaniuma kuliko hata kukataa, maana ni israfu, na ni kumhadaa mtu aliyeamka alfajiri kukupikia.

Anayeogopa kwamba kupokea ni kuidhoofisha dini yake, namheshimu kwa woga huo, na wapo masheikh wanaoona kujiepusha ni salama zaidi. Lakini amtazame mwanazuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328. Aliandika kitabu kizima kuwaonya Waislamu wasiige sikukuu za wengine, na katika suala hilo hakuwa mtu wa kulegeza. Humo humo akasema kupokea zawadi ya asiye Mwislamu siku ya sikukuu yake hakuna ubaya, akataja kwamba Ali bin Abi Talib (r.a.) aliletewa zawadi siku ya Nairuzi, sikukuu ya Waajemi, akaipokea. Kushiriki ibada ni jambo moja, kupokea wema wa jirani ni jambo jingine.

Na kabla ya wote hao kuna Asmaa binti Abubakar. Mama yake, ambaye hakuwa amesilimu, alimfuata Madina na zawadi mkononi. Katika riwaya iliyomo kwenye Musnad ya Imam Ahmad, Asmaa alikataa kuzipokea na hata kumwingiza mamake ndani, mpaka Mtume (s.a.w.) aulizwe. Jibu likawa azipokee na amkaribishe. Riwaya hiyo inalihusisha tukio hilo na aya ya 8 ya Suratul Mumtahana, inayoeleza kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Nyama ndiyo inayotaka uangalifu. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa juu ya zawadi za sikukuu za Majusi, alishauri kilichochinjwa kwa ajili ya siku ile kisiliwe, na matunda yaliwe. Wakristo ni Ahlul Kitab na chakula chao kimetajwa kuwa halali katika Suratul Maida aya ya 5, ila wanazuoni wanatofautiana juu ya kilichochinjiwa sikukuu yenyewe. Basi uliza. Mitaani kwetu majibu mara nyingi yako karibu: Mkristo mwenye kuku wake humwita Mwislamu amchinjie, akijua wageni wake ni wa dini zote. Uliza kwa upole, na siyo mbele ya watu. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, mzozo wa nani achinje ulimwaga damu. Sitaki swali la kitoweo liulizwe tena kwa hasira katika nchi hii.

Kwenye kapu la zawadi ya Krismasi linalotolewa ofisini, mchele, sukari na mafuta chukua. Chupa ya mvinyo irudishe kwa adabu, usiipokee ukampe mwingine wala usiiuze.

Nanyi majirani zetu Wakristo, tunawaomba mtusaidie kidogo. Mtoto anapoleta sahani, mwambieni aseme kuku kachinjwa na nani. Kama hamna uhakika, leteni maandazi, maembe au soda, tutafurahi vile vile. Tukirudisha kipande kimoja, msihesabu kwamba tumewarudisha nyinyi. Nasi Iddi ikifika tusijifungie na biriani letu. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, akarudia kuuliza, kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Na tangu zamani Pwani sahani ya mtu hairudishwi tupu.

Mwisho nawaomba maimamu. Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, tengeni dakika chache za hotuba kwa jambo hili. Elezeni kauli zote mbili, ya kupokea na ya kujiepusha, bila kumkebehi yeyote, na elezeni kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa miaka kumi atakielewa, kwa sababu wakubwa wakiwa kazini, yeye ndiye atakayefungua mlango.