Komba na Magendo ya Makaa

Askari wa doria kati ya Busia na Tororo amsikiapo komba akilia usiku, huenda asimjali. Mnyama huyo, mwenye uzito wa kama gramu 200 tu, anajulikana zaidi kwa kusingiziwa ulevi. Sisi twamtaja leo kwa sababu nyingine.

Komba hula wadudu. Kiangazi kinapowapunguza, huponea utomvu wa migunga. Mchana hulala katika mashimo ya miti. Sasa joto la dunia linazidi, mvua haziaminiki, na kila kiangazi kirefu humfanya autegemee mgunga zaidi. Mgunga huo huo ndio unaokatwa na kuchomwa makaa. Hifadhi ya West Bugwe, karibu na Busitema, imekwisha kuharibiwa vibaya. Nayo Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu yake ya umma mwaka 2018, makaa yetu yalizidi kutamaniwa ng'ambo.

Wazee wanakumbuka magendo ya kahawa ya miaka ya 1970 mpakani hapa. Makaa yatokayo hifadhini bila kibali ni magendo vile vile. Tusifichane, ndugu askari: ni vigumu kuamini kwamba lori zima la magunia hufika mpakani pasipo mwenye sare yeyote kugeuza uso. Wapo wasemao wachomaji ni maskini. Ni kweli, lakini mwenye lori si maskini. Huyo ndiye wa kusimamishwa kizuizini, apekuliwe, aulizwe kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Misitu.