Kitabu Kisicho na Mtihani



Mwezi huu twapenda kuzungumza na watu wa nyumbani juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa lawama, nalo ni kwamba watu wetu, na hasa vijana, hawapendi kusoma. Lawama hii twaisikia msikitini, twaisikia barazani, hata arusini. Sisi wenyewe tumeitoa mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Lakini kabla hatujairudia, yatupasa kukiri kosa letu.

Miaka mingi iliyopita, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulimkuta binti yetu amelala kifudifudi juu ya mkeka, na kitabu cha hadithi mbele yake. Kilikuwa ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960, chenye habari za Bwana Msa na kiko chake. Alikuwa amezama hata hakusikia mlango ukifunguliwa. Tukamwuliza, "Hiki nacho mtaulizwa katika mtihani?" Akajibu, "La, baba." Basi tukakitwaa, tukakifungia kabatini, tukamwamuru ashike masomo yake.

Binti ni mtiifu. Alishika masomo yake, akafaulu vyema, na alipomaliza shule alivifunga vitabu vyake vyote kwa kamba akawapa watoto wa jirani. Tangu siku ile hatukumwona tena na kitabu mkononi. Tulipomwuliza sababu, alitutazama kwa mshangao akasema, "Baba, si nimekwisha maliza kusoma?"

Jawabu hilo lilitukosesha usingizi. Lugha yetu ina neno moja tu kwa mambo haya mawili: anayekwenda shule anasoma, na anayefungua kitabu ili apate raha anasoma. Mtu mzima akisema "nasoma", ataulizwa yuko chuo gani. Na kwa kuwa jambo moja lina mwisho, nalo ni cheti, watu wamedhani la pili nalo lina mwisho. Sisi tulio Waislamu tulistahili kulijua hili zaidi ya wengine. Mtoto akihitimu msahafu kwa mwalimu wake, hapikiwi pilau ili apate ruhusa ya kuufunga. Mwenye kufika Sura ya mwisho, desturi ni kurejea papo hapo kwenye Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara. Nani basi aliyetufundisha kwamba kusoma kunamalizika?

Twasema kila mara kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) lilikuwa ni amri ya kusoma. Twalisema katika khutuba na katika sherehe za shule, hata limekuwa pambo kama kitambaa cha ukutani. Kisha twarudi nyumbani kwenye chumba kisicho na kitabu hata kimoja ambacho mtu akifungua kwa hiari yake.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa hivyo. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake, si mkaguzi wa shule. Tenzi ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, zikanakiliwa nyumba hata nyumba. Na katika nyusi za usiku, mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Wale waliosikiliza nao twawahesabu kuwa ni wasomaji. Hakuna aliyeulizwa maswali kumi mwishoni.

Na tukienda mbali zaidi, yuko Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra. Husimuliwa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akajifungia humo asome mpaka kuche. Mtu huyu ndiye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, Kitab al-Hayawan, kilichochanganya elimu, mashairi, visa na mizaha. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu aliyesoma kwa kulazimishwa.

Wapo wasemao kwamba simu ya mkononi ndiyo iliyoua kusoma. Huenda ina sehemu yake. Lakini katika nyumba yetu simu ilikuta mahali pamekwisha achwa wazi, na aliyepaacha wazi ni sisi.

Huenda pia mwenzetu mmoja akatuonya kwamba vitabu vya hadithi ni upuuzi, na vingine huharibu tabia. Ni kweli vipo viharibuo. Mzazi na avijue, na njia ya kuvijua ni kuvisoma. Sisi tulikifungia kabatini kitabu ambacho hatukupata kukifungua. Mwaka jana, tulipokuwa tukitafuta hati ya kiwanja, tulikikuta kingali pale, kimeliwa kidogo na wadudu. Tukakaa nacho ukingoni mwa kitanda ili tukitazame tu. Tulipoinua macho, adhana ya Alfajiri ilikuwa ikisomwa. Hatukuona humo kilichostahili kifungo cha miaka yote ile.

Tangu hapo tumejizoeza upya. Twasoma polepole, na bila utaratibu. Msahafu una saa yake baada ya Alfajiri na una marfaa yake. Hatuuchanganyi na kitu. Usiku, baada ya Isha, ni zamu ya kitabu chochote kitupendezacho. Aghalabu tuna vitatu kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina njiti ya ufagio mahali tulipofika. Kisichotupendeza twakiacha njiani wala hatujilaumu. Mama wa nyumba, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, hutaka tumsomee kwa sauti, naye hukasirika tukisinzia kabla ya sura kwisha.

Kile kitabu tulimrudishia binti yetu, ambaye sasa ana watoto wake, tukamwomba radhi. Alicheka, akakiweka juu ya jokofu, na hapo kikakaa majuma mengi. Juma lililopita tulipokwenda kuwajulia hali, hatukukiona juu ya jokofu. Kilikuwa juu ya kiti chumbani, na njiti ya ufagio imo karibu na katikati. Hatukumwuliza kitu.

Wasomaji wetu wapenzi, wazee kwa vijana, tuandikieni. Tutajieni kitabu kimoja tu mlichokisoma bila kulazimishwa na mtu, na saa mliyokisoma, na nani alikuwa akiwasikiliza.