Kenya: Redio za mitaani na pengo kati ya sheria na mwananchi

Kila mwaka Serikali ya Kenya huwasilisha mswada wa fedha bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Mswada huo huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, hutangazwa magazetini ili wananchi watoe maoni yao, na hutarajiwa kuwa sheria kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Katika muda huo mfupi, mama muuza mandazi wa Korogocho, mwendesha bodaboda wa Kisumu na mfugaji wa Marsabit wanatakiwa kuuelewa na kusema kama wanaukubali.

Haki ya kusema wanayo. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 inalitaka Bunge, katika Ibara ya 118, kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria. Ibara za 33, 34 na 35 zinalinda uhuru wa kujieleza, uhuru wa vyombo vya habari na haki ya kupata habari. Ibara ya 37 inaruhusu maandamano ya amani na kuwasilisha malalamiko kwa wakuu wa dola, na Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi.

Hata hivyo, kati ya maandishi hayo na mwananchi wa kawaida kuna pengo, na kwa sehemu kubwa linazibwa na watu wasiolipwa na Bunge wala na serikali: watangazaji wa kujitolea, vikundi vya akina mama na vijana wa mitaa ya mabanda. Hao ndio wanaoamua, kwa kiasi kikubwa, kama ushirikishwaji wa umma utakuwa jambo la kweli au tangazo la gazetini tu.

Mswada uliofasiriwa mitaani

Nguvu ya kazi hiyo ilionekana wazi mwaka 2024. Mswada wa fedha wa mwaka huo ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliuchukua mswada huo, wakauchambua kifungu kwa kifungu, wakaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama na hata kwa lugha ya alama.

Matokeo yake yanajulikana. Serikali iliondoa baadhi ya mapendekezo, yakiwemo ya mkate na magari, lakini hasira haikupoa. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha mswada na waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Gharama ilikuwa kubwa: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu 60 waliopoteza maisha katika maandamano ya miezi hiyo.

Wachambuzi wengi wamelieleza tukio hilo kuwa ushindi wa simu za mkononi. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Simu ya kisasa huhitaji fedha za kununua vifurushi vya intaneti, na maelezo ya mtandaoni huwafikia kwanza walio vijana, walio mjini na walio na shule. Kwa wengine wengi, redio ndiyo chombo kinachoingia jikoni, sokoni na shambani bila kudai malipo kila siku.

Kutoka Homa Bay hadi Korogocho

Safari ya redio za jamii nchini Kenya ilianza kwa kukatwa. Mwaka 1982, kwa msaada wa shirika la UNESCO, kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, kikitangaza kwa Kiluo. Huo ndio mwaka ambao Kenya iligeuzwa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na ambao wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti walikimbilia kwanza kuiteka Sauti ya Kenya. Katika hali hiyo, kipaza sauti kilicho mikononi mwa wanakijiji hakikuweza kutazamwa kama kifaa cha elimu tu. Serikali ilikifunga kituo hicho mwaka 1984.

Ilichukua takribani miaka 20 kwa wazo hilo kufufuka kwa nguvu. Katika eneo la Kibwezi, kaunti ya sasa ya Makueni, muungano wa vikundi zaidi ya 30 vya akina mama ulianzisha Redio Mang'elete, inayotangaza kwa Kikamba. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, Nairobi, walianzisha Koch FM ndani ya kontena la kusafirishia mizigo. Mwaka uliofuata Pamoja FM ilianza kusikika Kibera.

Vituo hivi havikuanzishwa ili kushindana na redio kubwa za biashara, bali kuzungumzia yale ambayo redio kubwa hazina faida nayo: bomba la maji lililokatwa, ada iliyoongezwa shuleni kinyume cha sheria, fedha za maendeleo zilizotengwa ambazo mradi wake hauonekani. Msikilizaji anapiga simu, anamtaja mhusika kwa cheo chake, na kiongozi anaalikwa studioni kujibu. Mtangazaji naye hana pa kujificha, kwa kuwa anachota maji katika bomba lile lile.

Sambamba na redio hizo vimekua vituo vya haki za kijamii, kikiwemo kile cha Mathare, ambacho mwaka 2017 kilichapisha ripoti kuhusu vijana wa mtaa huo waliouawa na polisi. Takwimu hizo hazikukusanywa na wataalamu kutoka nje, bali na majirani waliokuwa wakihudhuria mazishi.

Upanga wenye makali mawili

Ukaribu wa lugha una upande wake wa hatari, na wasikilizaji wa ukanda huu wanaufahamu kuliko wengi. Redio ya RTLM ilitumika nchini Rwanda mwaka 1994 kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nchini Kenya, zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na baadhi ya redio za lugha za kikabila zilishutumiwa kwa uchochezi. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu; kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016 bila yeye kutiwa hatiani.

Katika siku zile zile, Pamoja FM ilitumia mawimbi yake kuwasihi wakazi wa Kibera, wa makabila yote, waache kuchomeana nyumba. Tofauti hiyo inafaa kupimwa kwa makini. Lugha ya mtaani ilitumika kuwasha moto mahali pamoja na kuuzima mahali pengine. Kilichotofautiana ni nani mwenye kituo, anawajibika kwa nani, na kama jirani wa kabila jingine ana nafasi katika kipaza sauti hicho.

Masafa finyu, mfuko mwembamba

Wanaotaka redio hizi ziendelee wanakabiliwa na vikwazo visivyo na kelele. Koch FM na Pamoja FM zimekuwa zikitumia masafa yale yale ya 99.9 kwa mitambo yenye nguvu ndogo, kila moja ikisikika katika eneo lake. Kwa kuwa hazikuundwa kutafuta faida, hutegemea wafadhili, matangazo madogo na watangazaji wa kujitolea, ambao mara nyingi huhamia redio za biashara wakishapata ujuzi. Mfadhili akiondoka, kituo huyumba. Mwanasiasa akijitolea kulipa bili ya umeme, uhuru wa kituo huyumba vilevile.

Juu ya hayo, uhuru wenyewe haujawa wa kudumu. Tarehe 25 Juni 2025, maandamano ya kumbukumbu yalipofanyika, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru redio na televisheni zisitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano hayo, na baadhi ya televisheni zikazimwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo siku ile ile. Vituo vikubwa vina mawakili wa kukimbilia mahakamani. Kituo kilichoanzia ndani ya kontena hakina uhakika huo.

Mahakama nazo hazijawa na kauli moja kuhusu maana ya kuwashirikisha wananchi. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ikitaja kasoro katika ushirikishwaji wa umma. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo.

Hivyo basi, mwananchi hawezi kuiachia mahakama peke yake kazi ya kuhakikisha anasikilizwa. Ni lazima kwanza aelewe anaulizwa nini. Iwapo Bunge lingetoa muhtasari wa kila mswada mkubwa kwa Kiswahili, ambacho tayari ni lugha rasmi, na kuwapelekea watangazaji wa mitaani mapema, mjadala ungeanzia kwenye meza na vikao vya barazani. Mwaka 2024 ulionyesha kwamba mswada usipofasiriwa na walioutunga, wananchi wataufasiri wenyewe, na wakichelewa kusikilizwa, jibu lao litatolewa barabarani. Familia zilizozika watoto wao baada ya maandamano hayo zinajua gharama ya ucheleweshaji huo.