Siri ya Chipsi za Mkahawani

Leo tunazungumzia jambo linaloweza kuleta manung'uniko katika nyumba ya askari au ya raia yeyote hapa Nchelenge. Baba anatoka kazini, anapitia sahani ya chipsi huko Kashikishi, kisha anafika nyumbani na kuvitia ila viazi alivyokaangiwa na mkewe. Watoto nao huiga lawama hizo. Mshahara hupungua kidogo kidogo, na mama huvunjika moyo. Je, mpishi wa mkahawani anamzidi nini?

Kwanza, anamzidi kwa mafuta. Yeye hutia mafuta mengi, viazi vikaelea. Nyumbani, kwa kuogopa gharama, viazi vingi hurundikwa katika mafuta machache. Mafuta hupoa ghafla, na viazi hulainika na kuyanywa badala ya kukauka. Dawa yake ni kutumia sufuria ndogo yenye kina na kukaanga viazi vichache kwa zamu.

Pili, anajihadhari na maji. Karibu sehemu nne kati ya tano za kiazi kibichi ni maji. Baada ya kuvikata, vioshe ili wanga wa juu utoke, viloweke nusu saa, kisha vikaushe kwa kitambaa safi.

Tatu, mpishi hodari hukaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta huwa na joto la nyuzi 150 hivi za sentigredi, kwa dakika tano au sita, mpaka viazi viive bila kugeuka rangi. Huviopoa na kuviacha vipoe. Mteja afikapo, huvirudisha katika mafuta ya nyuzi 180 hivi kwa dakika mbili au tatu, vikawa vya rangi ya dhahabu. Asiye na kipimajoto na adondoshe kipande kimoja: mara ya kwanza povu litoke polepole, mara ya pili lifoke kwa nguvu.

Mteja huyo hula papo hapo. Chipsi za nyumbani, kinyume chake, hufunikwa zikimngojea baba, na mvuke ukazilegeza. Kwa hiyo lawama nyingine ni za yule anayechelewa!

Tuangalie pia viazi vyenyewe. Bonde la Luapula ni nchi ya muhogo. Viazi mviringo hupenda baridi. Chagua vilivyo vigumu na vikavu. Vilivyogeuka kijani vina sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Usiviweke katika jokofu, kwani baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, navyo huungua nje kabla ya kuiva ndani. Viweke gizani, penye hewa.

Mafuta yaliyokaanga samaki wa Mweru yatengwe, maana huacha harufu. Yaliyokuwa meusi yamwagwe. Yakishika moto, usimwagie maji kamwe: zima jiko na ufunike sufuria kwa kifuniko cha chuma.

Akina mama, kaangeni mara ya kwanza mapema, na mara ya pili baba akishanawa mikono. Nanyi akina baba, fikeni nyumbani kwa wakati, na fedha ya sahani ya Kashikishi iingie katika kikapu cha nyumba.