Mhariri wa Lupaso

Huku kwetu Chiwata ukimtaja Benjamin Mkapa utajibiwa haraka: "Rais wetu huyo, mtoto wa Lupaso." Sawa kabisa. Lupaso na Chiwata ni wilaya moja ya Masasi, na mtoto wa jirani akikalia kiti kikubwa nasi tunavimba vichwa. Lakini ni wangapi kati yetu vijana tunaokumbuka kwamba kabla ya siasa mzee yule alikuwa mwandishi wa habari? Rais tumeshamsifu vya kutosha. Mimi nataka tumuulize mhariri.

Tuanze na historia. Mwaka 1966, akiwa hajafika miaka 30, Mkapa alikabidhiwa uhariri wa The Nationalist na Uhuru, magazeti ya TANU. Februari 1970 serikali ikataifisha The Standard. Mwalimu Nyerere akawa Mhariri Mkuu, na Frene Ginwala, mkimbizi wa Afrika Kusini, akawa mhariri mtendaji. Mwalimu aliahidi kwa maandishi kwamba gazeti litakuwa na uhuru wa kuwakosoa viongozi. Ahadi nzuri, bwana! Mwaka 1971 likatoa tahariri ya kumlaani Jaafar Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wapinzani wake, na kibarua cha Mama Ginwala kikaota nyasi. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News, na aliyepewa kiti cha mhariri ni Mkapa.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakujua. Kiti kile kilikuwa bado cha moto. Alijua kuwa mhariri, hata awe hodari vipi, kalamu yake inakoma pale anapoanzia mwenye gazeti.

Ikaja Sheria ya Magazeti ya 1976, ikampa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti bila kwenda mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, katika ripoti yake ya 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Mwaka 1995 akaingia Ikulu mtu aliyewahi kuwa mhariri, na wimbo wake ulikuwa Ukweli na Uwazi. Nani tena angekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuitupa sheria ile? Miaka 10 ikapita, sheria ikabaki pale pale. Na mwaka 2001 serikali yake ikatangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Rai, eti si raia!

Najua nitakavyojibiwa. Wakati wake magazeti ya binafsi yaliongezeka. Kweli, sikatai. Wazee nao watasema marehemu hasemwi. Tulimzika Lupaso Julai 2020, mwacheni apumzike. Apumzike, Mungu amrehemu. Mimi sigombani na kaburi, nagombana na panga lililoachwa mlangoni, maana wengine waliliokota: MwanaHalisi likafungiwa 2012, Mwananchi na Mtanzania 2013. Sheria mpya ya 2016 ikaja, lakini leseni ikabaki mkononi mwa serikali. Tanzania Daima likafutiwa yake 2020, hadi iliporudishwa 2022. Na Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti lile lile alilolihariri Mkapa, likasimamishwa siku 14!

Yanatuhusu nini sisi watu wa korosho? Mwaka 2018 serikali ilisema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikaleta na jeshi kuzibeba, na wakulima wengi wakangoja malipo yao kwa miezi. Siku kama zile mkulima wa Chiwata anahitaji mhariri wa kuuliza bila kutetemeka: hela iko wapi? Mhariri anayeogopa kufungiwa atasema kesho, keshokutwa, mwisho haulizi kabisa.

Vijana wenzangu mnaoandika mashairi ya kumsifu mtoto wa Lupaso, andikeni, sikatazi. Ila mkifika kwenye ubeti wa uhariri semeni yote. Na akitoka tena mtu kwetu akapewa kiti, kiwe cha gazeti au cha nchi, tumuulize mapema, kabla ya ngoma na vigelegele: sheria za kufungia magazeti utazifanyaje?