Mtoto Aende Rawdha na Kiswahili Chake

Kila unapokaribia mwezi wa Septemba, nyumba nyingi zinazosema Kiswahili hapa Maskati huwa na shughuli moja: mtoto anaanza rawdha. Hununuliwa mkoba wenye picha, chupa ya maji na viatu vipya. Vitu hivyo vinaingia ndani, na kitu kimoja kinatolewa nje. "Msimsemeze tena Kiswahili, atachanganyikiwa." Mimi naona ushauri huu una makosa. Nauandikia hapa kwa sababu sisi wanachama ndio kaka na dada, makhaloo na maami wa watoto hao, na majumbani mwetu tunasikilizwa kuliko tunavyodhani.

Naanza na kwetu. Mtoto wa dada yangu alipofika miaka 4 aliandikishwa rawdha. Mpaka siku hiyo alikuwa akishinda na bibi yetu, mama wa mama yetu, kwa kuwa dada na shemeji wote wanafanya kazi. Bibi alizaliwa Unguja akaja Oman mtu mzima, na Kiarabu chake ni cha sala na cha sokoni. Basi mtoto alipata Kiswahili cha bibi kutwa, na Kiarabu cha baba yake jioni. Alijua nani wa kumwambia nini, wala hakuna aliyemfundisha.

Siku ya tatu alirudi amevaa suruali isiyokuwa yake. Alikuwa amesema "nataka choo" mara nyingi na hakuna aliyemfahamu. Kesho yake alikataa kuvaa viatu. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamwambia dada: wacheni Kiswahili nyumbani, atashika Kiarabu upesi. Dada akakubali. Bibi naye akakubali, kwani si mtu wa kubishana na walimu. Ikawa yeye yuko kwenye kochi na tasbihi yake, mtoto yuko chini na magari yake, na baina yao hakuna neno. Kiarabu cha rawdha hakikuongezeka kwa ajili hiyo. Mtoto alikuwa kimya mahali pamoja, sasa akawa kimya mahali pawili.

Siwalaumu wazazi, maana hofu yao ina historia. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na khasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, familia nyingi zilifika hapa na Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu kidogo. Kiingereza kiliwapatia wengi kazi katika mafuta, benki na hospitali. Lakini upungufu wa Kiarabu uliwafanya waulizwe: nyinyi ni Waomani kweli? Mtu aliyewahi kuulizwa suali hilo hapendi mtoto wake aulizwe tena. Na Kiarabu ndiyo lugha rasmi ya nchi, ndiyo ya skuli na ndiyo ya Qur'ani. Mtoto asiyekijua hapa atapata tabu. Katika hayo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwenye njia.

Wanaotaka Kiswahili kiachwe hutoa methali: mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ni kweli kwa mikono, lakini kichwa cha mtoto si mkono. Wataalamu wa lugha za watoto wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba kukulia katika lugha mbili si sababu ya mtoto kuchelewa kusema, na kwamba kuchanganya maneno si kuchanganyikiwa. Mtoto anayesema "Bibi, nipe khubzi" ameokota neno lililo karibu naye, kama sisi tunavyofanya kila siku kwenye mkahawa wa chuo. Pia ni kawaida mtoto anayeingia mahali penye lugha asiyoizoea kunyamaza kwa wiki kadhaa, hata miezi. Wakati huo anasikiliza. Na aliyejifunza kwa Kiswahili kuhesabu, kutaja rangi, kungoja zamu yake na kufuata hadithi mpaka mwisho, hayo hatajifunza upya. Anachohitaji ni majina mapya.

Tena mtoto wetu si wa ajabu katika nchi hii. Wako watoto wa Matrah wanaosikia Kilawati nyumbani, wako wa Kibalushi hapa hapa Maskati na huko Batina, na Dhofar wako wa Kimehri na Kijibali. Si mtoto wa Kiswahili peke yake anayekuja rawdha na lugha nyingine mdomoni.

Basi tumtayarishe vipi? Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza ni maneno ya haja. Miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza, mtoto afundishwe Kiarabu cha mambo ambayo hawezi kuyangojea: hammam, maji, nina njaa, naumwa, nisaidie, hiki changu, bado, nimemaliza. Maneno kumi yanatosha. Kwetu tulichelewa, lakini tulifanya. Dada alichagua maneno kumi akayafanya mchezo, na mwanafunzi wa pili akawa bibi. Bibi akikosea herufi ya ha, mtoto anamsahihisha huku anacheka. Hivyo ndivyo walivyoanza kusemezana tena.

La pili, tumwoneshe kuwa nusu ya njia ameshaipita. Kitabu, kalamu, karatasi, sabuni, sahani, samaki, saa: maneno haya anayo tayari, yanataka kugeuzwa kidogo tu mdomoni. Akisema asali, afundishwe kuanza na ain. Lakini na mitego tumwambie. Sisi tukisema tafadhali tunaomba, na Mwarabu akisema tafaddal anakaribisha. Na rafiki, neno letu zuri, hapa Ghuba watu wamezoea kumwitia kibarua kutoka Bara Hindi. Mtoto akimwita mwenzake hivyo atachekwa bila kujua sababu.

La tatu ni mwalimu. Mama aandike kikaratasi cha maneno ya mtoto kwa Kiswahili na maana yake kwa Kiarabu: choo, maji, njaa, naumwa, bibi. Maneno matano tu. Lau mwalimu wa mtoto wetu angalilijua neno choo, suruali ile isingelowa, na pengine ushauri ule usingetolewa.

La nne ndilo kubwa zaidi. Mtoto aelezwe siku yake itakavyokwenda: mama atakuacha mlangoni, utacheza, utakula, utaimba, kisha tutakuja kukuchukua. Maelezo haya ni ya kumtoa hofu, na hofu hutolewa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa vizuri zaidi. Ukimnyang'anya lugha hiyo wiki ile ile unayompeleka kwa watu asiowajua, umemwachia nini cha kushikilia?

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mimi nilipokuwa na miaka 4 ushauri ulikuwa huu huu, na kwangu ulifuatwa mpaka mwisho. Dada yangu aliponea kwa kuwa alikuwa ameshakua. Mimi nilifika chuoni nikisikia Kiswahili bila kuweza kukijibu. Hiki ninachokiandika nimejifunza kwa daftari, ngeli baada ya ngeli, na walimu wangu wanajua ni wino mwekundu kiasi gani nimewamalizia. Nyumbani lugha hii ilikuwa bure. Habari za Unguja nimeanza kumuuliza bibi miaka miwili iliyopita tu, na nyingi ananiambia, "Hilo nimeshalisahau, mwanangu. Ungeniuliza zamani." Zamani nilikuwa sina maneno ya kuulizia.

UNESCO imeifanya tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani tangu 2021, na sisi katika chama tunapenda kuiadhimisha kwa mashairi na mikate ya kumimina. Ni vizuri. Lakini lugha haiishi kwa sherehe ikiwa wale wenye miaka mitatu na minne wanafungiwa mlango. Ndiyo maana naleta pendekezo dogo. Chama kitengeneze karatasi moja, upande mmoja maneno kumi ya Kiarabu kwa mtoto, upande wa pili maneno ya Kiswahili kwa mwalimu wa rawdha. Walimu wetu waikague, sisi tuisambaze kwa jamaa zetu. Na kila mmoja wetu mwenye mtoto mdogo nyumbani amsemeze Kiswahili, hata kama chenyewe ni kibovu kama changu.

Mtoto wa dada yangu sasa anaingia rawdha bila kulia. Akirudi anakaa na bibi kwenye kochi na kumhadithia kwa Kiswahili nyimbo alizoimba kwa Kiarabu. Rawdha zinafunguliwa Septemba, na karatasi yenyewe ni kazi ya alasiri mbili. Nani atakaa nami tuiandike kabla mitihani haijatubana?